Nyumba ya tanga na betri: Kila starehe ina uniti zake

FIKIRIA, msomaji, nyumba ndogo isiyounganishwa na waya wowote wa stima wala bomba la maji. Ndani yake mna friji, jiko la umeme, bafu, vitanda vya watu sita na taa za kusomea. Isitoshe, nyumba yenyewe husafiri. Wenyewe wakitaka kuhamia kisiwa cha pili, hupandisha tanga na kuondoka. Upepo ukilala, hubonyeza swichi na mota ya umeme ikaanza kuisukuma kimya kimya, bila moshi wala ngurumo.

Hiyo ndiyo katamarani ya tanga na umeme, chombo ambacho katika miaka ya karibuni kimewavutia watu wengi wanaopenda kuishi baharini pamoja na watoto wao. Ni mitumbwi miwili myembamba iliyolazwa sambamba na kuunganishwa kwa sakafu moja pana, ambako huwekwa sebule na jiko.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni moja: je, betri hizo zinatosha? Jibu ni kwamba zinamtosha anayejua kuhesabu. Asiyejua huweza kuachwa pabaya.

Jina katamarani lilitoka kwa Watamili wa kusini mwa India, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Nasi watu wa pwani si wageni wa mambo hayo. Ngalawa zetu, zenye matengo pande zote mbili, zimejengwa kwa akili iyo hiyo: chombo kipana hakipinduki kwa urahisi, hata kikiwa chembamba kwenye maji.

Katikati ya miaka ya 1950, Mwingereza James Wharram na wanawake wawili Wajerumani walivuka bahari ya Atlantiki kwa katamarani aliyoiunda mwenyewe, Tangaroa, yenye urefu wa mita 7 hivi. Starehe haikuwamo. Tangu wakati huo, kazi ya mafundi imekuwa kuingiza starehe bila kuua mwendo.

JARIBIO LA 2006

Mwaka wa 2006, kampuni ya Lagoon ya Ufaransa ilizindua katamarani ya familia iitwayo Lagoon 420, ya mita 12 na ushei. Ilisukumwa na mota za umeme, na ilikuwa na jenereta ya dizeli ya kuzisaidia. Chombo kikienda kwa tanga, maji yangezungusha rafadha na kurudisha umeme kwenye betri.

Wazo lilikuwa zuri, lakini betri za wakati huo zilikuwa za risasi, jamaa za zile za magari yetu. Haukupita muda mrefu kabla ya wateja kuuziwa chombo hicho hicho kikiwa na injini za kawaida za dizeli.

Sababu inaeleweka kwa hesabu rahisi. Tuchukue uniti moja ya umeme, ile ile tunayonunua kwa tokeni. Betri ya risasi ya kubeba uniti moja huwa na uzito wa kilo 30 hivi. Tena haifai kuimaliza zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Kwa hivyo, kila uniti unayoweza kutumia inakugharimu kilo 60. Ukitaka uniti 20, umebeba kilo 1,200.

Siku hizi kuna betri za lithiamu na chuma. Uniti moja ni kilo 10 hivi, na unaweza kutumia karibu yote. Uniti 20 zinakuwa na uzito wa kilo 230 hivi. Tofauti ni karibu tani nzima, kana kwamba watu wazima 15 wameshuka chomboni.

Uzito huo si jambo dogo. Mitumbwi myembamba ikilemewa huzama zaidi, chombo kikawa kizito kama punda mgonjwa, na mota ikala umeme zaidi. Ndiyo sababu maendeleo makubwa ya vyombo hivi si mapambo bali kupunguza kilo.

CHINI CHEMBAMBA, JUU KIPANA

Tatizo jingine ni la chumba cha kulala. Bahari inataka mtumbwi mwembamba, lakini baba na mama wanataka kitanda kipana. Mafundi wametatua ugomvi huo kwa kuufanya mtumbwi uwe mwembamba pale unapogusa maji, kisha kuupanua ghafla juu kidogo. Ukilala hapo, nusu ya kitanda chako iko juu ya hewa.

Halafu kuna ile sakafu ya katikati. Katika vyombo vidogo vya zamani ilikuwa chini mno, na mawimbi yaliipiga kofi usiku kucha mpaka vikombe vikaruka. Siku hizi mafundi wanajitahidi kuiinua, japo katika chombo kidogo kila sentimita inayoongezwa chini inaibwa kutoka kimo cha dari.

Na mota? Hapa umeme umeleta raha ya kweli. Zamani chumba cha nyuma kilikuwa jirani wa injini, kelele na harufu ya dizeli vikiwa vyake. Sasa mtoto analala. Aidha, kwa kuwa mota ziko mbili na zimeachana mbali, moja ikienda mbele na nyingine nyuma chombo hugeuka papo hapo. Kampuni ya Oceanvolt ya Finland imeunda hata rafadha inayogeuza mabawa yake yenyewe, ili ivune umeme vizuri zaidi chombo kinapoendeshwa na tanga.

HESABU YA SIKU MOJA

Sasa tuingie jikoni. Tuseme paneli za sola juu ya paa zinaleta uniti 5 kwa siku ya jua kali. Friji iliyokingwa vyema dhidi ya joto itakula uniti moja. Kupikia familia ya watu wanne, uniti 2. Mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, kama ni ya kisasa, hutumia umeme kidogo sana: lita 40 kwa robo ya uniti. Taa, simu na vyombo vya kuongozea safari, karibu robo tatu. Jumla ni uniti 4.

Imebaki uniti moja. Mota inayokula kilowati 5 ili kusukuma chombo kwa kilomita 9 kwa saa itaimaliza kwa dakika 12!

Hata betri ya uniti 20 ikiwa imejaa pomoni, kwa kasi hiyo itadumu saa nne, yaani kilomita 36. Ukitoka Mombasa hufiki Kilifi. Nguvu yote hiyo hupatikana kutoka kwa lita 7 hivi za dizeli, chini ya nusu ya debe.

Lakini kuna siri ambayo wanafunzi wa fizikia wataipenda. Ukipunguza kasi kwa nusu, nguvu inayohitajika hupungua mara nane hivi. Betri ile ile, bahari ikiwa shwari, inaweza kukufikisha zaidi ya kilomita 100. Kweli, haraka haraka haina baraka.

Hatari iko kwa asiyehesabu. Chukua familia iliyowasha kiyoyozi usiku kucha, uniti moja kila saa, kisha ikakaanga na kuoka mikate asubuhi. Jioni wanafika kwenye mlango wa bandari. Upepo umelala, mkondo unawavuta kuelekea mwamba, na mota inahitajika kwa nusu saa tu. Nusu saa hiyo ililiwa jana kitandani. Bandu bandu humaliza gogo.

Kwa sababu hiyo, wenye busara hujiwekea sheria: theluthi moja ya betri haiguswi na jiko wala friji wala muziki. Ni akiba ya mlango wa bandari, kama vile mama anavyoficha pesa za karo mahali ambapo sukari na nyama haziwezi kuzifikia.

Jambo la ajabu ni kwamba, baada ya lithiamu, sola na rafadha za kisasa, kinachoiwezesha familia hiyo kusafiri mbali bado ni kile kile kinachomsukuma mvuvi wetu wa ngalawa wakati wa kusi na kaskazi: kitambaa na upepo. Betri ni ya kumsitiri upepo ukimwacha, na ya kumpa mtoto maji baridi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.