Jumla Imetimia, Lakini Nani Hajatoa?



Hapa Kaloleni, tunapokaa na waweka hazina, kitu cha kwanza tunachoonyeshwa ni jumla ya chini kabisa. Ikitimia, daftari hufungwa na chai huletwa. Lakini jumla inaweza kudanganya. Tuchukue kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa mwezi. Zinatakiwa 10,000. Wawili wakitoa 1,000 kila mmoja ili kutanguliza mwezi ujao, na wawili wengine wasitoe kitu, bado ni 10,000 kamili. Hakuna anayeshtuka, mpaka siku ya kugawana, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Kwa vikundi vinavyoweka hesabu kwa kompyuta, iko njia. Programu ya Excel tangu toleo la 1997, na pia Calc ya LibreOffice ambayo ni ya bure, huweza kuambiwa hivi: kila kisanduku kilicho chini ya 500 kiwe chekundu. Katika Excel ya siku hizi, chagua michango ya miezi iliyokwisha, bonyeza Home, kisha Conditional Formatting, kisha Highlight Cells Rules, kisha Less Than. Andika 500. Basi! Namba ikibadilika, rangi nayo inabadilika yenyewe.

Miezi ambayo haijafika iacheni nje, maana kisanduku kitupu huhesabiwa kama sifuri na kikundi kizima kitaonekana wadeni. Mstari wa jumla nao una kiwango chake, 10,000, kwa hivyo upewe sharti lake.

Kosa kubwa zaidi ni hili la 200/=. Kwa mkono sisi sote tumezoea kuandika hivyo. Kwenye kompyuta, alama ile hugeuza namba kuwa maneno: haijumlishwi, na wala haiwi nyekundu, kwa sababu programu huona maneno ni makubwa kuliko namba yoyote. Mdeni amejificha hapo hapo mbele ya macho yenu. Andikeni 200 peke yake.

Kama muhtasari unatengenezwa na programu yenyewe kutoka kwa orodha ya malipo, yaani lile jedwali liitwalo PivotTable, kuna jambo moja zaidi. Asiyelipa hata mara moja hayumo katika orodha, kwa hivyo hatakuwa na mstari, na rangi haiwezi kupaka mtu ambaye hayupo. Kila mwezi mwandikeni jina lake na 0.

Halafu, jamani, karatasi yenye majina mekundu isibandikwe mlangoni mwa ukumbi. Huenda mama huyo amelaza mtoto hospitalini. Mweka hazina apite nyumbani kwake kabla ya mkutano, wazungumze wawili. Siku atakayoleta 500, iandikwe hapo hapo mbele yake, aone wekundu ukitoka.