Kazi ya serikali au ya kampuni? Angalia pia pesa zisizofika kwa simu

Kila mwisho wa mwezi simu inalia, ujumbe unaingia, na wengi wetu tunasoma namba moja tu: kiasi kilichoingia. Namba hiyo ndiyo huzua ubishi kwenye matatu na kwenye vikundi vya WhatsApp vya familia. Mmoja anafundisha shule ya serikali, mwingine ni mhasibu kwa kampuni ya Industrial Area, na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ndiye anakula raha.

Sisi hatutaamua nani anakula raha. Tunachoona ni kwamba ubishi huu huishia njiani, kwa sababu sehemu ya malipo yako haifiki kwa simu kabisa. Inaenda kukungoja uzeeni, na hapo ndipo serikali na kampuni nyingi huachana mbali.

Tuchukue hao wawili, kila mmoja na mshahara wa msingi wa Sh60,000, marupurupu tuyaache kando. Makato mengine hayabagui: kodi ya PAYE, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, asilimia 1.5 ya nyumba. Wote wanakatwa, wote wananung'unika.

Sasa pensheni. Mwalimu aliyekuwa ametimiza miaka 45 mwanzoni mwa 2021 na hakuhamia mpango mpya, hakatwi kitu kwa ajili ya pensheni ya serikali. Hesabu yake ni hii: miezi aliyofanya kazi, gawa kwa 480, zidisha kwa mshahara wa mwisho. Akifanya miaka 30, hiyo ni miezi 360, kwa hivyo atapata Sh45,000 kila mwezi maisha yake yote. Akitaka kiinua mgongo, anaacha robo ya pensheni hiyo, analipwa Sh2.7 milioni mkononi, na anaendelea kupokea Sh33,750 kwa mwezi.

Mhasibu wetu je? Kama kampuni yake haikuwa na mfuko wake wa pensheni, alitegemea NSSF. Kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa 2023, mchango wa NSSF ulikuwa Sh200 kutoka kwake na Sh200 kutoka kwa mwajiri. Si kwa wiki, kwa mwezi. Hata tukisema alilipiwa hiyo Sh400 kila mwezi kwa miaka 30 bila kukosa, jumla ni Sh144,000 kabla ya faida. Mwenzake anapata zaidi ya hiyo kwa miezi mitano tu ya pensheni.

Ukisikia wazee wakisisitiza mtoto atafute kazi ya serikali hata kama mshahara ni mdogo, usiwacheke. Walikuwa wamepiga hesabu.

Lakini hesabu hiyo imebadilika. Kuanzia Januari 1, 2021, watumishi wa umma waliokuwa chini ya miaka 45, wakiwemo walimu na polisi, waliingizwa kwenye mpango mpya ambao wao pia wanachangia. Siku hizi mfanyakazi anakatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali inaongeza asilimia 15. Kwa Sh60,000 hiyo ni Sh4,500 na Sh9,000. Ile ahadi ya kugawa kwa 480 haipo tena kwa miaka ya kazi iliyofuata. Atakachopata kinategemea michango na jinsi pesa zilivyowekezwa.

Upande wa NSSF, sheria ya 2013 iliyokuwa imekwama mahakamani ilianza kutekelezwa Februari 2023. Sasa ni asilimia 6 kutoka kwako na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, na kiwango cha juu cha mshahara kinachohesabiwa kilifika Sh72,000 mwezi wa Februari 2025. Kwa mhasibu wa Sh60,000, kila upande unatoa Sh3,600. Pengo limepungua, halijaisha.

Hebu tuone maana yake ukibadilisha kazi. Uko serikalini kwa Sh60,000, kampuni inakuita kwa Sh65,000. Mwajiri mpya akiweka NSSF peke yake, ataweka Sh3,900 badala ya Sh9,000. Umeongezewa Sh5,000 ambazo bado zitakatwa kodi, na umepoteza Sh5,100 za uzeeni. Ujumbe wa simu utafurahisha, sawa, lakini hiyo si nyongeza.

Si kwamba serikalini ni peponi. Walimu wa intaneshipu na vibarua wa umma wanajua pensheni kwa kuisikia tu. Baadhi ya serikali za kaunti zimekata wafanyakazi kisha zikachelewa kupeleka pesa hizo kwenye mifuko, na wapo wastaafu wanaosubiri malipo ya kwanza kwa miezi. Na zipo kampuni, hasa mabenki, zenye mifuko mizuri ya pensheni. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, uliza: kuna mfuko mbali na NSSF? Mwajiri anaweka asilimia ngapi? Ukishaajiriwa, fungua akaunti yako ya NSSF mtandaoni uone kama kilichokatwa kimefika. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wako wa pensheni hadi Sh30,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato, kwa hivyo unaweza kujiongezea mwenyewe.

Kwa wanaokaribia kustaafu: mtu akikupigia kwamba faili yako ya pensheni imekwama na utume ada kidogo kwa namba fulani, kata simu. PIN yako usimpe mtu, hata akijua jina lako kamili na mwaka uliostaafu.

Na asiye na mwajiri? Mwaka 2011 ulizinduliwa mpango wa Mbao kwa watu wa jua kali, kiwango cha chini Sh20 kwa siku, unatuma kwa simu. Mbao kwa siku ni Sh600 kwa mwezi. Mama mboga aliyetuma bila kuruka siku alikuwa akiweka pesa nyingi kuliko mhasibu na bosi wake wakijumlishwa pamoja.