Mahali Patupu Katika Ramani

Wakulima wengi wa skimu, wakisha kupewa vipande vyao, huikunja ramani na kuitia sandukuni. Haifai. Sisi wa Voi na Taita Taveta tunajua hasara ya ramani isiyosomwa na wenye ardhi.

Reli kutoka Mombasa ilifika Voi karibu na mwisho wa mwaka 1897. Nyuma yake wakaja wageni waliotaka mashamba makubwa. Sheria ya mwaka 1902 ilimruhusu Kamishna wa Kiingereza kukodisha ardhi kwa miaka 99, ila asitoe ardhi iliyokaliwa hasa na wenyeji. Mwaka 1915 muda huo uliongezwa hata kufika miaka 999.

Ramani za siku zile zilichorwa kwa mkono. Mto, kilima na reli vilitiwa kwa wino, na mpaka ukapigwa kwa rula. Pasipo nyumba, karatasi ilibaki nyeupe. Lakini Mtaita alijenga mlimani, na huku chini akawa na malisho na konde la mvua. Konde lililopumzishwa halikuwa limeachwa. Misitu ya fighi, mahali patakatifu pa wazee, haikujengwa nyumba kamwe. Machoni pa mgeni vyote hivyo vilifanana na nchi tupu, na nchi iliyodhaniwa tupu ilitolewa kwa urahisi. Huko Voi, Mwatate na Taveta yakaota mashamba ya mkonge. Tume ya Ardhi ilipoundwa mwaka 1932, Wataita walieleza malalamiko yao, lakini karatasi zilikwisha kutiwa sahihi.

Basi, mkulima, fanya hivi. Chukua ramani yako, uuzunguke mpaka pamoja na jirani zako. Linganisha nambari ya kipande na ile iliyo katika ramani ya ofisi ya upimaji. Kama njia ya kwenda majini au ya ng'ombe haimo, sema mapema, kabla ya kuandikishwa. Jua pia kwamba, mpaka usipopimwa rasmi, ramani huonyesha kwa kukadiria tu; kwa hiyo tunza jiwe na ua. Kung'oa alama ya mpaka ni kosa kwa Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi ya mwaka 2012.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.