Mizani ya Sukari Katika Mwili wa Mwenye Kufunga

Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajafungua kinywa asubuhi, ina sukari ipatayo kijiko kimoja tu cha chai. Kidogo hicho ndicho ubongo unachokitegemea. Kikipungua mno, akili humruka mtu. Kikizidi siku baada ya siku, huharibu macho, figo na mishipa.

Mola wetu amekiwekea kipimo hicho mlinzi, nalo ni kongosho, lililo nyuma ya tumbo. Tulapo, sukari hupanda. Kongosho hutambua, likatoa insulini, nayo huifungulia sukari njia ya kuingia mwilini, na ziada ikawekwa akiba katika ini. Tufungapo, sukari huanza kushuka. Hapo kongosho hupunguza insulini, likatoa glukagoni, ambayo huliamuru ini litoe akiba yake. Ndivyo iwavyo usiku na mchana, nasi hatuna habari. Kwa hiyo mwenye afya hufika Magharibi ana njaa na kiu, lakini mizani yake i sawa.

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini hana mlinzi huyo. Insulini ya sindano haijui kwamba sukari imeshuka. Huendelea kushusha tu. Ramadhani moja mzee wa mtaani petu alijidunga baada ya daku kipimo kile kile cha siku zote, akafunga. Baada ya Alasiri akaanza kutetemeka, jasho likimtoka, na maneno yake yakawa hayana mpango. Sisi tuliokuwapo (twaona haya kuliandika hili) tulidhani ni pepo, tukaanza kumsomea! Binti yake ndiye aliyekuja mbio na maji ya sukari, akamnywesha naye angali aweza kumeza. Kitambo kidogo mzee akatutambua.

Tulipomwuliza kwa nini hakufungua mapema, alijibu kwamba aliogopa dhambi. Ilhali ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na ya 185. Madaktari husema sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, au ikipita 300, mtu afungue pale pale, hata ikiwa imebaki nusu saa kuadhiniwa. Na kujitoboa kidole ili kupima damu hakubatilishi saumu, kwa kauli ya maulamaa wengi. Mwenye sindano na amwendee daktari tangu Shaabani, apangiwe kipimo chake au ashauriwe asifunge.

Mzee wetu alishauriwa asifunge. Sasa hulisha maskini mmoja kila siku ya Ramadhani, na bintiye ndiye apikaye.