Kigae kinachosikia samaki

Mwezi uliopita nilikuwa Sori, ufuoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Migori. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu, alipojua natoka Mombasa, aliniuliza: "Nyinyi wa baharini mwajuaje samaki walipo?" Nikamjibu kwamba wazee wetu hutia bildi, hutazama ndege na rangi ya maji, kisha humtegemea Mungu. Akacheka. "Basi sisi ni ndugu."

Ndugu msomaji, kuna jibu jingine. Ndani ya mashine ya kutafutia samaki mna kigae kidogo cha kauri. Wahandisi huiita kauri hiyo maada erevu, kwa kuwa huitikia linaloifika: ukiibana hutoa umeme, ukiipa umeme hutetema. Tabia hii iligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie. Hata kiwashio cha jiko la gesi kisicho na betri, kile kinacholia "ta!", hutoa cheche kwa njia hiyo.

Chini ya chombo, umeme hukitetemesha kigae, nacho hutoa sauti. Sauti hugonga samaki, hasa kibofu chake cha hewa, ikarudi na kukibana kigae. Umeme huzaliwa tena, na mashine huhesabu muda. Ziwani sauti huenda karibu mita 1,480 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.04, samaki yuko mita 30 hivi chini.

Watafiti hutumia njia hii kukadiria wingi wa sangara na dagaa katika ziwa zima, tangu Homa Bay hadi Uganda na Tanzania. Dagaa hao ndio wanaofungiwa uvuvi upande wa Kenya kila Aprili hadi Julai wapate kuzaana.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Kigae hakijui halali wala haramu. Kikiwa mkononi mwa mtafiti, huhesabu. Kikiwa kwenye meli kubwa peke yake, humaliza, na mwenye ng'arawa akabaki na bildi yake. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iko hapa hapa Mombasa. Basi hesabu zake zifike madiko yote, Sori na Vanga, kwa lugha ya mvuvi, kabla sheria hazijamfikia.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.