Somo la sayansi linaanzia Omugo

Desemba 1937, watafiti wa homa ya manjano walikuwa wakizunguka kaskazini-magharibi mwa Uganda wakipima damu za watu. Walipofika Omugo, jina ambalo wao waliliandika Omogo, walimtoa damu mama mmoja wa miaka 37 aliyekuwa na homa. Sampuli yake ikapelekwa Entebbe, kwenye taasisi iliyofunguliwa mwaka uliotangulia kwa fedha za Rockefeller Foundation, na huko panya wakadungwa nayo. Homa ya manjano haikuonekana. Kilichoonekana ni kirusi ambacho sayansi ilikuwa haijawahi kukutana nacho. Mwaka 1940 Kenneth Smithburn na wenzake walipokitangaza, walikipa jina la wilaya: West Nile. Mama yule hakutajwa.

Mwaka 1999 kirusi hicho kilizuka New York. Watu walilazwa wakiwa wamevimba ubongo, na kunguru wakawa wanaanguka wakifa mitaani. Mwanzoni ugonjwa wa watu ulidhaniwa kuwa mwingine kabisa, mpaka Tracey McNamara, daktari wa bustani ya wanyama ya Bronx, aliposhikilia kwamba vifo vya ndege na maradhi ya watu ni kisa kimoja.

Hicho ndicho kisa ambacho ningependa kila mwalimu wa kidato cha kwanza na cha pili pale Omugo aanze nacho. Leo Omugo imo Wilaya ya Terego, iliyomegwa kutoka Arua Julai 2020, na tangu Agosti 2017 sehemu yake inapokea wakimbizi wa Sudan Kusini chini ya makazi ya Rhino Camp. Mtoto wa Kilugbara na mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka wanaketi benchi moja. Wote wawili wanaijua homa, na mbu wanamjua vizuri zaidi.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unamtaka mwanafunzi afanye, achunguze na aeleze, badala ya kumeza maneno ya ubaoni. Ulianza vibaya, maskini: wiki chache tu baada ya kuzinduliwa, korona ikafunga shule, na hazikufunguka kikamilifu hadi Januari 2022. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa taifa mwaka 2024, na asilimia 20 ya alama zilitokana na kazi za shuleni. Asilimia hizo ndizo mlango. Mwalimu akitaka, anaweza kuzijaza kwa kunakilisha. Akitaka, anaweza kuzijaza kwa mbu.

Chukua chupa ya plastiki iliyokatwa shingo. Teka maji yaliyotuama yenye viluwiluwi, funga mdomo kwa kipande cha chandarua kizee, kaza kwa mpira wa baiskeli. Kwenye joto la West Nile, kiluwiluwi hugeuka pupa na pupa kuwa mbu ndani ya siku chache, kwa hiyo darasa halina haja ya kungoja muhula uishe. Watoto waangalie jinsi viluwiluwi vinavyopumua. Vikining'inia kichwa chini, mkia ukigusa uso wa maji, huyo huenda ni Culex, jamii ya mbu wanaosambaza kirusi cha West Nile kati ya ndege na ndege. Vikilala sambamba na uso wa maji, huyo ni Anofelesi wa malaria. Kisha mwalimu adondoshe mafuta kidogo juu ya maji na awaulize, kabla ya kitu chochote kutokea, nini kitafuata na kwa nini. Hapo fizikia ya uso wa maji na biolojia ya upumuaji zinafundishwa kwa pamoja. Mbu wasiachiwe, bila shaka. Darasa likimaliza, maji yamwagwe kwenye mchanga mkavu juani.

Swali la kunguru liulizwe baada ya hapo. Kwa nini mbu anaupata ugonjwa kwa ndege, lakini haupati kwa mtu? Kwa sababu katika damu ya binadamu kirusi hakifikii wingi wa kutosha kumwambukiza mbu. Watu wapatao wanane kati ya kumi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote. Mtoto wa miaka 14 akilielewa hilo, ameelewa jambo ambalo wakubwa wengi hulikosea: kuambukizwa si lazima kuwe kuugua.

Malale nayo iko karibu. Kituo cha afya cha Omugo kilikuwa na wodi ya malale, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo zilipojaribiwa dawa mbalimbali zilizochanganywa, wakati tiba ya zamani ya melasoproli, yenye aseniki ndani yake, ilikuwa ikiua baadhi ya wagonjwa iliowatibu. Mchanganyiko wa nifutimoksi na eflonithini ukaingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Kwenye kingo za mito kuanzia Arua hadi Koboko vilisimikwa vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi pembeni, sentimita 25 kwa 50, vilivyolowekwa dawa ya kuua mbung'o wanaoeneza malale. Mwaka 2022 Uganda ikathibitishwa kuwa malale ya aina inayopatikana West Nile si tishio tena kwa afya ya umma. Kwa nini buluu? Kwa nini kidogo, si shuka zima? Watafiti walilinganisha ukubwa huku mambo mengine wakiyaacha vilevile, na hilo ndilo jaribio la haki ambalo vitabu huzungushia kurasa tatu.

Nisieleweke kwamba chupa inatosha. Serikali ilipoamua kupandisha mishahara ya walimu wa sayansi mwaka 2022, walimu wa sanaa waligoma, na mabishano yakawa ya pesa tu. Hadubini, taa ya spiriti na lenzi za mkono hazikuwa na chama cha kuzigomea. Bila hadubini mtoto hataona kimelea cha malale hata mara moja, naye mwalimu anayefundisha darasa lililofurika hawezi kukagua chupa zote. Bei ya lenzi chache za mkono, kwa shule inayonunua chaki kwa katoni, ni jambo la kikao kimoja cha bodi.