Ukiitwa kwa Mtihani wa Kazi Bila Kuelezwa Mengi

Vijana wetu wengi wa Masisi na Walikale hupata ujumbe mfupi kwenye simu: njoo kesho saa tatu kwa mahojiano. Hausemi ni kazi gani. Wengine husema tufunge tu, Roho atatupa maneno. Kuomba ni lazima. Lakini ahadi ya Mathayo 10 walipewa wale watakaopelekwa mbele ya wakubwa kwa ajili ya jina la Yesu. Haituondolei kazi ya kujitayarisha.

Tumtazame Nehemia, sura ya 2. Mfalme alipomuuliza haja yake, aliomba moyoni, kisha akajibu: muda wa safari, barua za njia, miti ya malango. Aliyeomba alikuwa pia amewaza.

Kwanza, tupige ile namba. Tuulize kwa heshima: kazi gani, ofisi ipi, kuna mtihani wa kuandika, ni Kifaransa au Kiswahili, vyeti gani vinatakiwa?

Pili, tusome tena tangazo. Kila jukumu lililoandikwa pale linaweza kuwa swali. Kama ni kazi ya lishe, tujue utepe wa mkono: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Tumuulize muuguzi wa kituo cha afya shirika hilo linafanya nini kijijini.

Tatu, tutayarishe mambo mawili tuliyoyafanya kweli. Aliyetunza sadaka ya akina mama bila kupotea hata franga moja, hiyo ni kazi, aieleze. Tusiongeze uongo.

Nne, barabara ya Walikale ikinyeshewa haina haraka. Tutoke mapema, tulale kwa ndugu.

Mwisho, kazi haiuzwi. Tangu 2003, kanuni ya Umoja wa Mataifa inawakataza watumishi wake kubadilishana kazi na mwili wa mtu. Mtu akitaka feza, au akimwita binti yetu hotelini usiku, hayo si mahojiano. Asiende, amwambie mzazi au mchungaji. Na sisi kanisani tumsikilize, tusimlaumu. Mlango anaoufungua Mungu hauombi rushwa.